UZI MAALUMU kwa mnaoingia chuo mwaka huu: Kwa nini mwanafunzi wa Division One anapata sup semista ya kwanza?

Chaki Nyeupe (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Najua humu kuna vijana waliomaliza kidato cha sita mwaka huu na sasa wanakesha wakisubiri majina ya udahili, na wazazi wao pia wamo. Mimi ni mwalimu wa A-level. Kila mwaka tunawasindikiza watoto mpaka langoni, halafu matokeo ya semista ya kwanza yakishatoka simu zinaanza. Kinachoniumiza, na ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu, ni kwamba anayepiga akiwa na sauti ya chini mara nyingi si yule niliyekuwa na wasiwasi naye. Ni yule wa pointi 4 au 5 (pointi chache ndiyo ufaulu wa juu), aliyekuwa akiwafundisha wenzake usiku darasani. Ana sup tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Na yule wa Division Two aliyekuwa akikaa kimya katikati ya darasa ana GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 4.1.

Mtaani maelezo huwa mawili: chuo kigumu, au mtoto ameharibika huko mjini. Yote yana ukweli kidogo. Lakini baada ya kuwasikiliza vijana hawa kwa miaka, naamini sababu kubwa iko kwingine. Shule ya bweni ilikuwa inamfanyia kijana kazi moja ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kujua kwamba inafanywa: kumpangia muda. Kengele ya alfajiri, usafi, paredi, vipindi, chakula, prepo, mwalimu wa zamu anapita na tochi. Kuna majaribio ya wiki, mtihani wa mwezi, moko. Hata asipopenda kusoma, saa ya kusoma inamkuta amekaa mbele ya kitabu. Akifika chuo kazi hiyo inaachwa ghafla, na hakuna anayemtangazia.

Chuoni unaweza kuwa na mhadhara Jumatatu saa 2 hadi saa 4, kisha kozi hiyohiyo usiione tena mpaka Alhamisi. Mko watu mia tatu ukumbini, mhadhiri hajui jina lako, usipoingia hakuna anayekuita ofisini. Kijana anatafsiri ukimya huo kuwa ni nafasi ya kupumzika baada ya misukosuko ya kidato cha sita na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi hawajawahi kuelezwa. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa shahada una krediti 120. Maana yake ni saa 1,200 kwa mwaka, 600 kwa semista. Gawanya kwa wiki 15 za masomo unapata saa 40 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya kuajiriwa kabisa, asubuhi mpaka jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Sasa chukua ratiba yako, jumlisha saa za mihadhara na semina. Kwa programu nyingi za sanaa, elimu na biashara utakuta labda nusu ya hizo. Nusu nyingine haiko kwenye ratiba, haina ukumbi, haina mahudhurio, lakini mhadhiri anatunga mtihani akihesabu kwamba umeitumia. Mwenye Division One aliyetegemea kengele hana mazoea ya kuitafuta nusu hiyo. Yule wa Division Two aliyesoma shule ya kutwa, akitembea kilomita kadhaa na kujipangia saa ya kusoma baada ya kuchota maji, anakuja nayo tayari kutoka nyumbani.

Halafu kuna jambo la muda. Vyuo vingi coursework ni 40 na mtihani wa mwisho, UE, ni 60. Test ya kwanza huja katikati ya semista, wakati wengine bado wanauliza ukumbi fulani uko wapi. Anayeanza kusoma baada ya matokeo ya test hiyo ameshapoteza sehemu ya 40 yake na hairudi.

Na GPA haisahau. Kwa vyuo vinavyotumia kipimo cha 5 (A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2), tuchukue shahada ya miaka mitatu yenye uzito sawa kila mwaka. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 2.6, ili uhitimu na 3.5 unahitaji wastani wa 3.95 kwa miaka miwili iliyobaki. Kama unaitaka 3.8, ambayo vyuo vya umma huitaka kwa anayetaka kuajiriwa kufundisha baada ya shahada ya kwanza, unahitaji 4.4 miaka miwili mfululizo. Hiyo ni First Class, anayotakiwa kuipata mtu ambaye mwaka jana alikuwa na Pass, daraja la chini kabisa la kufaulu. Wapo wanaofika, nawajua. Lakini wanalipa gharama ambayo isingekuwepo kama wiki nane za mwanzo zingekwenda vizuri.

Hili wameliona watafiti pia. Mwaka 1984 Baker na Siryk wa Marekani walitengeneza dodoso la kupima namna mwanafunzi anavyozoea chuo, wakaligawa sehemu nne: kuzoea masomo, kuzoea watu, hali ya moyo na mwili, na kujiona ni wa chuo hicho. Mwaka 2012 Credé na Niehorster walikusanya tafiti 237 zilizotumia dodoso hilo. Walichokikuta ni kwamba kuzoea masomo ndiko kunakoendana zaidi na alama, na kujiona ni wa hapo ndiko kunakoendana zaidi na kubaki chuoni bila kuacha. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na marafiki tele, kila mtu anamjua, mpaka uongozi wa wanafunzi amegombea, na bado GPA ikawa mbaya. Na mwingine anafaulu vizuri lakini moyoni ameshaondoka.

Karibuni tuchangie. Walioko chuoni sasa, semeni mliyoyaona.

---

Fundi Mitambo

Mwalimu heshima yako. Umeandika nondo lakini umeruka tumbo. Mimi nimesoma uhandisi miaka minne, ratiba niliijua vizuri sana, saa hizo 40 nilikuwa nazo. Shida ilikuwa mkopo haukutoka mwaka wa kwanza. Nilikuwa napiga pasi ndefu, chai asubuhi halafu ugali saa mbili usiku. Jaribu kukaa kwenye pindi la hesabu saa nane mchana hujala kitu, uone kama utaelewa lolote. Nilikuwa naandika kila kilichoko ubaoni na hakuna kinachoingia.

Na hata wenye bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, walikuwa na shida yao. Wiki mbili za kwanza mnakula chips kuku, wiki ya sita mtu anakopa mia tano ya maandazi. UE ikifika watu wameishiwa kabisa. Kwa hiyo mnaposema kuzoea chuo, semeni pia na pesa.

---

Chaki Nyeupe

Mkuu Fundi Mitambo, sina cha kukupinga. Ni kweli nimeliruka na halikustahili kurukwa.

Tuliweke wazi kwa wanaoingia. Kiwango cha Bodi ya Mikopo (HESLB) cha chakula na malazi kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mkupuo wa takribani siku 60. Maana yake kijana ambaye hajawahi kushika hata laki moja yake mwenyewe anaamka asubuhi na 600,000 kwenye akaunti. Macho yake yanaona laki sita. Ukweli ni kwamba ameshika elfu kumi mara sitini, na humo kuna kodi ya chumba kama amepanga nje, nauli, fotokopi, bando, na ndugu nyumbani aliyesikia bumu limetoka. Hilo la nyumbani halizungumzwi. Nina wanafunzi waliokuwa wanatuma nusu ya bumu kwa mama, na siwezi kumlaumu mtoto anayefanya hivyo. Ila mzazi unayesoma hapa, ujue kwamba fedha hiyo ni chakula chake cha mwezi ujao.

Kinachowasaidia wengi ni kulipa kabla hawajaionja. Siku linapotoka, lipa chumba cha miezi miwili, nunua mchele, unga, maharage, mafuta na gesi kama mnaruhusiwa kupika, mpe mama ntilie mnayeaminiana fedha ya chakula cha mchana cha mwezi mmoja. Kinachobaki kigawe kwa wiki. Ukisubiri mpaka wiki ya tatu ndipo upange, hakuna cha kupanga.

Kwa ambaye mkopo haukutoka: HESLB hufungua dirisha la rufaa kila mwaka baada ya majina kutoka. Kata rufaa na uambatishe vielelezo vyote, cheti cha kifo cha mzazi, ulemavu, chochote kilichokosekana kwenye maombi. Halafu nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ukaeleze hali yako mapema. Wengi wanaona aibu mpaka wanapodondoka darasani.

---

Binti wa Gongo la Mboto

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, chuo kiko Dar. Mwaka wa kwanza sikupata hosteli. Nilikuwa naamka saa kumi usiku ili nipande daladala mbili niwahi kipindi cha saa moja asubuhi. Jioni nafika nyumbani saa tatu, kuna vyombo, kuna wadogo zangu, na mtu anayekuona umekaa na kitabu anaona umekaa bure. Ile nusu ya saa 40 unayoizungumzia, isiyo kwenye ratiba, ilikuwa inaishia barabarani, nimesimama, nimeshika bomba.

Nilijaribu kubebwa na rafiki yangu hosteli. Tulilala wawili kitanda kimoja kwa wiki kadhaa. Usingizi hakuna, na kila mlinzi akipita moyo unaruka. Nikaacha.

Kilichoniokoa ni kubadilisha mahali pa kusomea. Niliamua nyumbani ni pa kulala tu. Kipindi kikiisha saa nne na kinachofuata ni saa nane, naenda maktaba hapohapo, sikai kwenye ngazi kupiga stori. Baada ya kipindi cha mwisho nakaa kwenye kimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, mpaka saa kumi na mbili na nusu, naondoka foleni imepungua. Nikifika nyumbani naosha vyombo nikiwa na amani kwa sababu nimeshasoma. Semista ya kwanza nilikuwa na 2.9, ya pili nikapata 3.7. Sijawa na akili zaidi, ni vimbweta.

Jambo jingine kwa wasichana: diskasheni za usiku zinatuacha nje sisi tunaotoka mbali. Tafuta wenzako watatu mnaotoka upande mmoja, anzisheni ya mchana.

---

Jirani Mwema

Uzi mtamu. Napiga kambi hapa, mdogo wangu anaingia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM).

---

Mzazi wa Songea

Mwalimu na vijana wangu, nawasoma. Mimi ni mkulima, sikusoma mpaka huko. Kijana wangu yuko mwaka wa kwanza. Nikimpigia anasema "masomo yanaendelea vizuri baba". Mwaka jana mtoto wa jirani alikuwa anasema hivyohivyo, kumbe alikuwa ameshaondolewa chuo na yuko mjini anauza vocha. Mimi nitajuaje hali ya mwanangu bila kumbana akaona simwamini? Na hayo maneno ya sup na kudisko mnielezee.

---

Chaki Nyeupe

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kuuliza. Wazazi wengi wanalo swali hilo na hawana pa kulipeleka.

Sup ni mtihani wa marudio wa somo alilofeli. Akiufaulu, vyuo vingi humpa C hata kama amepata alama tisini, ndiyo maana sup inashusha GPA hata ikifaulu. Asipofaulu sup, chuo kinaweza kumruhusu kulibeba somo hilo na kulirudia mwaka unaofuata, wenyewe wanaita keri. Kudisko ni kuondolewa masomoni, na mara nyingi hutokea wastani wake wa jumla ukishuka chini ya kiwango ambacho chuo kimeweka, au masomo aliyofeli yakizidi idadi. Kila chuo kina kanuni zake zimeandikwa, na kijana anapewa au anazipata kwenye tovuti ya chuo. Mwambie akusomee ukurasa wa mitihani. Atakuwa amejisomea na yeye.

Kuhusu kumjua hali yake: matokeo anayaona yeye kwenye akaunti yake ya chuo, kwa hiyo ukimuuliza "unaendeleaje" atajibu kwa neno moja na mtaagana. Muulize mambo ya wiki yake. Jumatano una vipindi vingapi? Yule mhadhiri wa takwimu amefika wapi? Unasoma na nani? Test ya kwanza lini? Mtu anayehudhuria anajibu haya bila kufikiri, tena anaongeza na malalamiko. Ambaye ameshaanza kupotea atatafuta maneno. Ukimsikia anatafuta maneno, mzee wangu, usimkaripie siku hiyo. Watoto wetu wanaficha sup kwa kuogopa sura ya baba kuliko wanavyomwogopa mhadhiri, na mwanafunzi anayeficha hawezi kuomba msaada kwa mtu yeyote. Mwambie mapema, kabla matokeo hayajatoka, kwamba akiteleza wewe uwe wa kwanza kujua na bado atakuwa mwanao. Kauli hiyo moja nimeiona ikiwarudisha vijana darasani.

---

Kibaha Boy

Mwalimu mimi nina tatizo jingine. Nahudhuria, nasoma, tena nakesha, lakini majibu hayatoki. Kidato cha sita nilikuwa nakariri noti za mwalimu na nafaulu. Hapa mhadhiri anatupa slaidi arobaini, anasema nendeni mkasome kitabu sura ya tatu mpaka ya tano, kitabu kurasa mia mbili, Kiingereza kizito. Kwenye test anauliza "jadili" kitu ambacho hakikuwa kwenye slaidi. Asaimenti yangu ya kwanza ilirudi na sifuri kwa sababu programu ilionyesha nimenakili. Mimi nilidhani kunakili kutoka kitabuni ndiyo kusoma!

---

Chaki Nyeupe

Kibaha Boy mdogo wangu, hapa ndipo pananigusa mimi na walimu wenzangu moja kwa moja, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sisi A-level tunakuandaa ufaulu mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA). Tunakupa noti zilizopikwa tayari, tunakupitisha mitihani ya nyuma mpaka unajua swali litakavyoulizwa. Chuo kinadhani ulifundishwa kutafuta, kulinganisha waandishi wawili, na kusema kwa maneno yako nani ana hoja yenye nguvu. Kati ya hayo mawili kuna pengo, na kozi ya Communication Skills ndiyo iliwekwa hapo kuliziba, lakini wanafunzi wengi wanaidharau wakiiona ni ya kujaza GPA. Usiidharau. Ndimo unamofundishwa kunukuu, kutaja chanzo, na kuandika aya yenye hoja moja.

Kuhusu kukesha na majibu kutotoka. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walifanya jaribio na wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma makala mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu kukumbuka mara tatu bila kutazama makala. Baada ya dakika chache tu, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Ndiyo maana zimamoto, yaani kusoma kwa pupa dakika za mwisho, inakuangusha. Usiku wa kuamkia mtihani unajiona umeiva, na kwa mtihani wa kesho asubuhi pengine inatosha. Ila UE inauliza mambo ya wiki ya pili, na yale yalishaondoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukitoka kwenye mhadhara, kabla ya siku kuisha, funga daftari, chukua karatasi tupu na uandike ulichokumbuka. Kwa Kiswahili kama Kiingereza kinakukwamisha, hakuna anayekusahihisha hapo. Ukishaona hoja imekaa kichwani, iandike upya kwa Kiingereza chako chepesi. Wengi wenu mnashindwa kujieleza kwa Kiingereza jambo ambalo hata kwa Kiswahili hamjalishika, halafu mnalaumu lugha. Na wengine mmelishika vizuri kabisa, ni maneno tu yanagoma. Hao wajiandikie kila wiki maneno ya msingi ya kila kozi na wayatumie kwenye diskasheni kwa sauti.

Kitabu cha kurasa mia mbili husomi kama riwaya. Chukua muhtasari wa kozi ambao mhadhiri huutoa wiki ya kwanza, angalia mada, fungua faharasa nyuma ya kitabu, nenda kwenye mada hiyo. Muhtasari ule ndio mkataba wako na mhadhiri, una mada, tarehe za test na mgawanyo wa alama. Nimekutana na vijana waliomaliza semista hawajawahi kuufungua.

Halafu nenda ofisini kwa mhadhiri. Wana saa za kuonana na wanafunzi na mara nyingi wanakaa peke yao. Usiende kusema "sijaelewa", nenda na karatasi yako: hapa nimefika, hapa nimekwama.

---

Nesi Mstaafu

Niruhusuni niongeze. Nimehudumu muda mrefu kwenye zahanati iliyokuwa karibu na chuo. Kuna wanafunzi wanakuja na kichwa kinauma, tumbo, kifua, vipimo vyote safi. Ukikaa naye dakika kumi analia. Hajalala wiki mbili, hana anayeongea naye, wenzake chumbani wanamcheka lafudhi au nguo. Mwingine amefiwa na mama wiki ya pili ya masomo na akarudi chuo baada ya mazishi kana kwamba hakuna kilichotokea. Huyu msimwambie apange ratiba. Ratiba anayo, mwili umekataa kuamka.

---

Chaki Nyeupe

Mama, ahsante sana. Nakubaliana nawe kwa kila neno.

Kuhusu upweke kuna jambo ningependa kila anayeingia alisikie. Mwaka 2011 Walton na Cohen walichapisha utafiti uliofanywa chuo kimoja Marekani. Waliwapa wanafunzi wapya maelezo ya wanafunzi waliotangulia wakisema kwamba mwanzoni nao walijiona hawafai kuwa pale, na kwamba hali hiyo ilipita. Zoezi lilichukua kama saa moja tu. Wanafunzi weusi waliolipitia waliendelea kufanya vizuri kimasomo kwa miaka mitatu iliyofuata kuliko wenzao ambao hawakulipitia, na pengo la alama kati yao na wanafunzi weupe likapungua kwa karibu nusu. Najua mazingira ni tofauti na ya kwetu, sisemi tuyabebe yote. Ila mtoto aliyetoka shule ya kata Sikonge akakaa ukumbini na waliotoka shule za seminari na za kulipia, akapata 12 kati ya 40 kwenye test ya kwanza, anasoma alama ile kama ushahidi kwamba alikosea njia. Wakati pembeni yake kuna mwingine wa shule ya jina kubwa amepata 11 na amekunja karatasi haraka asionekane. Watu wa mwaka wa pili na wa tatu mlioko humu, mnaweza kuwaambia. Waambieni alama zenu za test ya kwanza.

Kanisa, msikiti, vikundi vya dini vya wanafunzi kama USCF, TMCS na MSAUD, timu ya mpira, watu wa mkoa wenu, popote panapokupa mtu wa kukuuliza "mbona jana hukuonekana" pana thamani kwenye masomo pia. Ila kimoja au viwili vinatosha. Anayejiunga na kila kitu naye hatasoma.

Na kwa aliyefika pale anapopaeleza mama hapo juu: vyuo vina washauri nasaha, nenda. Ikizidi, masomo yanaweza kuahirishwa rasmi kwa sababu ya ugonjwa au matatizo mazito ya kifamilia. Kuna fomu, kuna barua ya daktari, na inafanywa kabla ya mitihani. Nasisitiza hilo la kabla, kwa sababu nimeona watoto wagonjwa kweli wakinyamaza na kutokwenda kwenye UE. Kwa kanuni, asiyetokea kwenye mtihani bila ruhusa anahesabiwa ametoroka, na hapo kurudi ni kugumu mno. Aliyeahirisha anarudi mwakani nafasi yake ipo. Anayepokea mkopo aitaarifu pia ofisi ya mikopo hapo chuoni.

---

Kipepeo wa Masasi

Mwalimu, nimechaguliwa programu ambayo ilikuwa chaguo langu la mwisho. Siipendi hata kidogo. Niende nikiwa sina moyo, au nikae nyumbani niombe tena mwakani? Naogopa kwenda kufeli kitu nisichokitaka.

---

Chaki Nyeupe

Kipepeo, usiamue kwa hasira ya siku ya majina.

Kwanza, uhamisho upo, wa programu ndani ya chuo na hata wa chuo kwenda chuo, na una dirisha lake mwanzoni mwa mwaka ambalo hufungwa mapema. Ukifika tu, wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, usiipoteze kwenye kupiga picha. Chukua vyeti vyako, nenda idara ya ile programu unayoitaka, uliza mambo mawili: alama zangu za kidato cha sita zinakidhi vigezo vyenu, na nafasi ipo? Kama vigezo havikidhi, umejua siku hiyohiyo na hutakaa ukisubiri kisichokuja. Vikikidhi, jaza fomu na fuatilia mwenyewe kila baada ya siku mbili. Kama una mkopo, uliza pia kiwango chake kitabadilikaje, maana ada hutofautiana.

Pili, wakati unasubiri jibu, hudhuria programu uliyopangiwa kama vile ndiyo yako. Hapa ndipo wengi wanaangukia. Wanakaa hosteli wakisubiri uhamisho, jibu linatoka wiki ya nne au ya tano kwamba imeshindikana, na test ya kwanza ni wiki inayofuata. Kozi kama Development Studies na Communication Skills mara nyingi zinasomwa na programu nyingi, kwa hiyo hata ukihama hujapoteza.

Niambie ulisoma kombi (mchepuo wa masomo ya A-level) gani na umechaguliwa nini, tuone hapa kwa pamoja kuna njia ipi. Kuna wanajukwaa wa idara mbalimbali humu.